Dalali kaniuliza kabila kabla hajanionyesha chumba. Ni ubaguzi au ni "uzoefu"?

#1 Ritungu
Habari wakuu.

Nimehamishiwa Arusha kikazi kutoka Musoma, mwezi wa pili sasa nalala kwa rafiki Ngarenaro. Natafuta chumba na sebule, Sakina au Kwa Mrombo, kisizidi laki na themanini. Jumamosi dalali akanipigia kwamba kimepatikana Sakina, maji ndani, luku ya peke yako, kuna geti. Nikamtumia elfu kumi ya kuonyeshwa. Tumepanda boda mshikaki, njiani akaniuliza, "Kaka, kwani wewe kabila gani?" Nikamwambia Mkurya. Akanyamaza mpaka tunaiacha lami. Akasimamisha boda, akaenda pembeni kupiga simu, akarudi na jibu: "Mama mwenye nyumba anasema kuna mtu keshalipia."

Jana nyumba ile ile imewekwa tena kwenye grupu la madalali. Picha zile zile, hata ndoo ya bluu mlangoni ipo. Yule kijana wa boda ndiye aliyenionea huruma akaniambia chumba kina miezi miwili kitupu, na mama hataki watu wa Mara.

Hasira nilikuwa nazo Jumamosi, zimepoa. Sasa nataka kuelewa tu. Mtu anakubali kukosa kodi ya miezi miwili kuliko kumpangisha mtu ambaye hajamwona hata sura. Hii akili inatoka wapi?

#2 Mbege Baridi
Nimekuja na kiti changu. Endeleeni.

#3 Dalali Mstaafu
Nimefanya udalali Kijenge na Sanawari miaka tisa, msinitupie mawe. Swali la kabila si la dalali, ni la mwenye nyumba. Nilikuwa na daftari. Mama fulani hataki Mmasai, wageni watajaa uani. Mzee fulani hataki Mchaga, atafungua genge kibarazani. Mwingine hataki Mpare, ukipandisha kodi kidogo anakupeleka baraza la kata. Kuna asiyetaka Waislamu, kuna asiyetaka wala kitimoto. Ukiyajumlisha yote ya daftari langu, Arusha nzima ingelala nje.

Dalali anauliza mapema ili asikupotezee nauli.

#4 Makande Moto
Hapo kwa Wapare umetuonea. Hatuendi baraza kwa kodi kupanda. Tunaenda kwa kupanda bila notisi.

#5 Kisusio
@Makande Moto Mpare akiibiwa kuku anauza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Hilo halihitaji ushahidi.

#6 Makande Moto
Na Mchaga ndiye aliyemwiba huyo kuku. Tuendelee na mada.

#7 Mama Wawili
Niseme upande wa pili maana hapa wote wapangaji. Nina vyumba sita Pasua, Moshi. Mwaka juzi nilipangisha kijana wa Tarime. Mpole, anasalimia, kodi analipa. Siku moja usiku kampiga mke wake ua mzima ukaamka, mjumbe akaitwa, polisi wakaja na gari. Watoto wangu wakaogopa wiki nzima. Tangu hapo Mkurya simpangishi. Siwachukii hata kidogo, najihadhari tu. Ukiumwa na nyoka, ukiona ung'ongo unashtuka.

#8 Chaki Nyeupe
Shikamoo Mama Wawili. Naomba nikuulize bila ubaya. Katika hivyo vyumba sita, wapangaji wangapi wameshakukimbia na kodi yako?

#9 Mama Wawili
Marahaba. Wawili. Mmoja aliniachia na deni la maji.

#10 Chaki Nyeupe
Kabila gani?

#11 Mama Wawili
Wachaga wenzangu. Mmoja wa kwetu Uru kabisa, namjua mpaka mama yake.

#12 Chaki Nyeupe
Na Wachaga bado unawapangisha?

#13 Mama Wawili
Sasa nisiwapangishe kwa nini? Yule alikuwa na tabia yake. Hata kwao wanamjua.

#14 Mbege Baridi
Mama kaingia mwenyewe kwenye mtego na viatu mkononi 😂

#15 Chaki Nyeupe
Sikutaka kumtega, na ninamheshimu kwa kujibu kweli. Ila @Ritungu, sehemu ya jibu lako ipo #13. Mtu wetu akikosea, "alikuwa na tabia yake". Mtu wa kwingine akikosea, "ndivyo walivyo". Mmarekani mmoja, Thomas Pettigrew, aliliandikia hili mwaka 1979: wa kwetu akiharibu tunatafuta sababu zake binafsi, wa nje akiharibu tunaitwisha damu yake. Wa nje akifanya jema tunageuza tena, "huyu si kama wenzake". Mama kasema mwenyewe kijana alikuwa mpole na analipa. Mbona upole haukuwa wa Wakurya wote?

Halafu kuna uchache. Mwaka 1976 watafiti wawili, Hamilton na Gifford, waliwasomesha watu sentensi kuhusu makundi mawili yasiyo na jina, A na B. A sentensi 26: njema 18, mbaya 8. B sentensi 13: njema 9, mbaya 4. Pigeni hesabu, uwiano ni ule ule. Lakini watu walipoulizwa, B ndio waliodaiwa mabaya kupita walivyoyafanya. Kundi dogo ni adimu, ubaya nao ni adimu, vikikutana vinaganda kichwani. Pasua kuna Wakurya wangapi, mama?

#16 Mama Wawili
Yule alikuwa wa kwanza kwangu. Lakini mwalimu, wewe hukuwepo ule usiku.

#17 Kisusio
Hapo mama ana hoja. Hesabu za karatasini hazisikii kelele za usiku.

Mimi nabaki kwenye swali la mleta mada, la hela. Kuna Henri Tajfel, Myahudi wa Poland aliyekuwa mfungwa wa Wajerumani vita kuu ya pili, baadaye akawa profesa Bristol, Uingereza. Karibu na mwaka 1970 alichukua wavulana wa miaka 14 na 15, akawaonyesha vidoti wakisie idadi, kisha akawaambia wewe ni wa kundi hili, wewe la lile. Uongo mtupu, aliwagawa hovyo tu. Hawakuongea, hawakujuana nani yuko wapi. Akawapa kazi ya kugawia wengine pointi za kugeuza kuwa hela, wao wenyewe hawapati kitu. Wakawapendelea wa kundi lao. Na penye kuchagua kati ya wa kwao kupata nyingi huku wale wanapata nyingi zaidi, au wa kwao kupata pungufu lakini wawazidi wale, wengi walivutwa na pungufu yenye kuzidi.

Kwa hiyo kodi ya miezi miwili si hasara kwa yule mama. Ni bei ya kuwa juu.

#18 Dalali Mstaafu
Umemkuza mno. Ninawajua kina mama wa Sakina, anaogopa tu kelele.

#19 Loshoro
Mnazunguka mbali, chanzo ni kugombania. Angalieni kodi zilivyopanda tangu wajenzi wa uwanja wa AFCON waje, kila mwenye chumba anachagua kama anaoa. Vyumba vingekuwa vingi wangebembeleza hata jini. Yule mwanasaikolojia wa Marekani, Muzafer Sherif, alionyesha mwaka 1954, alichukua watoto weusi na weupe akawapeleka kambini Oklahoma, akawashindanisha kwa zawadi, wiki haikuisha wanachomeana bendera.

#20 Chaki Nyeupe
@Loshoro rekebisha kidogo. Hawakuwa weusi na weupe. Wavulana 22, wote weupe, Waprotestanti, wa familia za kipato cha kati, umri miaka kama 11, hawajuani. Aliwachagua wafanane makusudi. Kundi moja likajiita Tai, jingine Nyoka. Kama weusi na weupe wangekuwemo, ungesema ni chuki waliyotoka nayo nyumbani. Pale ilizaliwa kambini, kwa kushindania visu na medali.

Na kilichowapatanisha hakikuwa kuwakalisha meza moja, chakula walirushiana. Ni maji ya kambi kukatika, na lori kugoma kuwaka mpaka wote wavute kamba.

#21 Makande Moto
Ongezea na lile alilokuwa halipendi kulisimulia. Mwaka 1953 alikuwa amejaribu kwanza jimbo la New York. Watoto wakashtukia kwamba wakubwa ndio wanaowachonganisha, mahema yanaangushwa na watu wazima halafu lawama inapelekwa kundi la pili. Wakagoma kugombana, jaribio likafa.

Nalileta kwa sababu ya dalali. Mleta mada hajaongea na mama mwenye nyumba hata neno moja. Yote aliyoyasikia yamepitia kwa dalali na kwa boda.

#22 Dalali Mstaafu
Kwa hiyo sasa mimi ndiye wa kuangusha mahema? Nilijua itafika huku.

#23 Binti Machame
Ngoja na mimi niseme, mada imenigusa. Mnaongea Wakurya, sisi wa Machame tunabaguliwa na Wachaga wenzetu. Mnaujua ule wimbo, mwanamke wa Machame anamuua mume arithi mali. Nimeolewa Kibosho. Siku ya kupelekwa ukweni, shangazi wa mume wangu, mbele ya sinia la nyama, akamwambia, "Sasa wewe andika wosia mapema." Watu wakacheka, nami nikacheka. Miaka kumi na moja sasa. Mume wangu alipougua figo mwaka jana tukalazwa mwezi mzima, nilikuwa nampelekea uji asubuhi, mtori mchana. Shangazi yule yule akawa anaonja kwanza. Anasema anaangalia chumvi.

Mimi ni Mchaga, yeye ni Mchaga. Kutoka kwetu mpaka kwao huhitaji hata basi kubwa. Sasa hapo kabila liko wapi?

#24 Mbege Baridi
Pole dada. "Anaangalia chumvi" imenimaliza.

#25 Kisusio
Huo ni utani dada, usiubebe. Wachaga na Wapare tunatukanana mpaka msibani na hakuna anayeshika panga. Utani ndio umeiokoa nchi hii. Mwanaanthropolojia Mwingereza, Radcliffe-Brown, aliandika mwaka 1940 kwamba utani ni njia ya watu wanaolazimika kuishi karibu, na wana sababu za kugombana, kutoleana sumu bila vita.

#26 Binti Machame
Mtani hukutania akiwa na wewe, na wewe unamrudishia. Shangazi wa mume nimrudishie nini? Nikimwambia Wakibosho wakorofi, kikao cha ukoo kesho yake. Utani unaoelekea upande mmoja una jina lingine.

#27 Makande Moto
Naunga mkono #26. Mimi na Kisusio tunapigana ngumi za pamba kwa sababu tumelingana. Mpangaji na mwenye nyumba hawana utani.

#28 Mzee wa Kiborloni
Vijana, hizi Machame na Kibosho zina historia. Kabla ya ukoloni kila umangi, yaani eneo la chifu, ulikuwa nchi yake. Sina wa Kibosho na Rindi wa Moshi walipigana vita vya kweli, ng'ombe na watu walitekwa. Mjerumani alipoingia akaegemea upande mmoja, mwaka 1891 Kibosho ikapigwa. Wamisionari nao wakagawana mlima: Walutheri Machame, Wakatoliki Kilema na Kibosho. Hilo jina "Mchaga" kama kitu kimoja lilipata nguvu baadaye, kahawa ilipotuweka chama kimoja, ushirika wa wakulima wa KNCU, mwaka 1933. Kwa hiyo shangazi anapoonja uji, anaonja na mambo ya babu zake ambayo yeye mwenyewe hayajui.

#29 Loshoro
Shikamoo mzee. Lakini ya Rindi na Sina hayaelezi kwa nini mama wa Sakina anamkataa Mkurya. Hawakuwahi kupigana.

#30 Mzee wa Kiborloni
Marahaba. Sikusema yanaeleza yote.

#31 Laigwanani
Nimesoma toka mwanzo. Mnalalamika kuulizwa kabila mnyimwe kitu. Sisi tunaulizwa kabila tupewe kitu, na kinauma vile vile. "Wewe Mmasai? Basi huibi, huogopi, kaa getini." Nina stashahada ya uhasibu. Mwaka jana nilikwenda kwenye usaili ofisi moja hapa mjini, suruali, shati, bahasha ya vyeti mkononi. Nilivaa shuka juu kwa sababu ilikuwa Julai na Arusha ya Julai mnaijua. Mapokezi hakunisalimia, akaniambia, "Kampuni ya ulinzi imeshaleta watu." Nikamwambia nimekuja kwa ajili ya hesabu. Akacheka akidhani namtania.

Nilifanya usaili. Mbele ya wale watu watatu nilikuwa nahesabu kichwani wanafikiria nini badala ya kusikiliza swali. Kodi ya ongezeko la thamani, kitu ninachofundisha wenzangu, nilikisema kinyume.

#32 Chaki Nyeupe
Pole ndugu yangu. Hilo la mwisho nalo wamelichunguza. Wanasaikolojia Steele na Aronson, mwaka 1995, waliwapa wanafunzi wa chuo weusi na weupe mtihani mgumu. Wengine waliambiwa unapima akili, wengine waliambiwa ni zoezi tu. Waliokuwa weusi walishuka pale tu walipoambiwa unapima akili, na weusi wale wale wa zoezi hawakushuka hivyo. Wapo waliorudia majaribio ya namna hiyo baadaye na kupata matokeo hafifu, kwa hiyo nisiliuze kama dawa ya mitishamba. Ila ulivyoeleza wewe, kichwa kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja, ndivyo wanavyosema.

#33 Mama Wawili
Laigwanani, mimi mlinzi wangu ni Mmasai miaka saba, tunaishi vizuri sana, watoto wanampenda. Kwa hiyo kukaa pamoja kunaondoa haya mambo.

#34 Laigwanani
Mama, anakula wapi?

#35 Mama Wawili
Namtolea chakula pale kwake getini. Yeye ndiye anayependa pale.

#36 Laigwanani
Sawa mama.

#37 Kisusio
Kuna kitu mwanasaikolojia Mmarekani, Gordon Allport, alisema mwaka 1954, na watu hukinukuu nusu. Kukutana hupunguza chuki ikiwa mnakutana mkiwa sawa, mna lengo moja, mnasaidiana kulifikia, na wakubwa au sheria wanaunga mkono. Pale getini hakuna hata hilo la kwanza.

#38 Uhuru na Kazi
Jamani mnaitukana nchi yenu. Hapa hakuna ukabila kama kwa jirani. Sensa zetu baada ya ile ya 1967 hazijamuuliza mtu kabila lake. Kiswahili shuleni, vijana walipelekwa sekondari mikoa ya mbali. Mchumi Edward Miguel alilinganisha Meatu kwetu na Busia Kenya, akaandika mwaka 2004: kule vijiji vyenye makabila mengi vilichangia shule zao kidogo kuliko vyenye kabila moja, kwetu kuchanganyika hakukupunguza kitu. Dalali mmoja wa Sakina hawezi kufuta hayo.

#39 Loshoro
Meatu walikuwa wanachangia shule ya wote. Hapa ni chumba cha mtu binafsi. Mtu anaweza kuchangia dawati na Mkurya na bado asitake alale ukuta wa pili. Na serikali kutouliza kabila hakujamzuia dalali kuuliza.

#40 Wakili wa Mtaa
Kisheria kwa kifupi. Ibara ya 13(5) ya Katiba inataja kabila na pahala mtu alipotoka ndani ya maana ya kubagua. Lakini marufuku ya 13(4) inamlenga mtu au mamlaka inayotekeleza madaraka chini ya sheria au kazi za dola. Mama mwenye vyumba vitatu kumbana nayo ni mlima. Laigwanani wewe uko pazuri zaidi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inamkataza mwajiri waziwazi, kabila limo, na mwombaji wa kazi naye analindwa. Ugumu ni kuthibitisha.

#41 Chaki Nyeupe
@Ritungu kabla hujaenda kokote, sikia kisa hiki. Richard LaPiere, Mmarekani mweupe, miaka ya mwanzo ya 1930 alizunguka Marekani kwa gari na mke na mume Wachina, wakati chuki kwa Wachina iko juu. Hoteli, kambi na migahawa 251. Walikataliwa mara moja tu. Baada ya miezi kama sita akawaandikia wenye sehemu zile: mtampokea Mchina? Waliojibu, zaidi ya 9 katika kila 10 wakasema hapana. Alichapisha mwaka 1934.

Sasa wewe umejibiwa kwa simu, tena simu ya mtu mwingine. Nenda mwenyewe, piga hodi.

#42 Makande Moto
Kisa kizuri ila kina tundu. Aliyejibu barua huenda si yule aliyesimama mapokezi. Na Wachina wale walikuwa na mzungu pembeni, wamevaa vizuri, wanatabasamu. Mleta mada ataenda na nani?

#43 Binti Machame
Aende na mimi. Nikimuua nirithi chumba 😂

#44 Ritungu
Wakuu asanteni, nimerudi na mrejesho.

Leo baada ya kazi nimekwenda mwenyewe. Nikapiga hodi, akatoka mama mtu mzima, kitenge, miwani imening'inia kwa kamba. Nikasalimia, nikasema natafuta chumba. Akanionyesha bila swali. Ndoo ya bluu ipo. Tukakaa kibarazani, akaniuliza nafanya kazi wapi, nasali wapi, nina mke? Kabila hakuuliza. Nikalitaja mwenyewe: mama, mimi Mkurya wa Tarime. Akanyamaza kidogo, akaangalia getini, akasema, "Mimi sijali, ila kuna mpangaji wa nyuma, usiku hapendi kelele."

Nikamwuliza kuhusu dalali. Akasema hajawahi kumwambia mtu yeyote habari za Mara, na Jumamosi hakupokea simu ya dalali kabisa, alikuwa kwenye sherehe ya kipaimara Usa River. Nimempigia dalali hapo hapo, akaapa kwa mama yake kwamba aliongea naye, mpaka muda akanitajia. Boda hapokei simu.

Kodi anataka ya miezi sita. Wapangaji wengine wawili niliowasalimia wakati natoka wanalipa mitatu mitatu.

#45 Dalali Mstaafu
Mama anadanganya. Hakuna dalali anayejinyima kamisheni yake.

#46 Loshoro
Dalali anadanganya. Alikuwa na mteja wa bei ya juu, kabila ni kisingizio.

#47 Chaki Nyeupe
Inawezekana wote wanasema kweli wanavyokumbuka. Alisema kitu mwaka gani huko, akasahau, dalali akaandika kwenye daftari.

#48 Laigwanani
Ile kuangalia getini ndiyo nimeisoma mara mbili.

#49 Mama Wawili
Miezi sita kwa mgeni mimi pia huwa naomba. Lakini kama wenzake ni mitatu, hapo hapana. Mwanangu, unalipa?

#50 Ritungu
Sijaamua mama. Chumba ni kizuri. Nikilipa sita najiona nalipia kabila, nisipolipa narudi Ngarenaro kwenye godoro. Na yule dalali hajarudisha elfu kumi yangu.

#51 Makande Moto
Elfu kumi? Fungua kesi mkuu. Ng'ombe nitatoa mimi.